Vibatari vya Kirumi kutoka njia ya Mvumi

Niseme mapema nisiwaweke roho juu: kazi ya kufundisha niliyoiomba kwenye chuo kimoja cha Marekani sikuipata. Barua yao ilikuwa na aya tatu za kunisifu na moja ya kunipa pole. Niliisoma ndani ya daladala ya Sabasaba, nikapitiliza kituo changu. Lakini leo sizungumzii kazi. Nazungumzia vibatari vya udongo nilivyotengenezewa kwa ajili ya usaili wake, maana kila anayeviona mezani kwangu anauliza nimevinunua wapi, ni bei gani, na kama vinawaka kweli.

Vinawaka. Mengine yanahitaji maelezo.

Nafasi yenyewe chuo hicho kiliitangaza hivi: Profesa Msaidizi wa sanaa ya Warumi wa kale na vitu walivyotumia maishani. Cheo hicho kwetu hakipo. Sisi tunapanda kutoka Mhadhiri Msaidizi hadi Mhadhiri, kisha Mwandamizi, ndipo uanze kunusa uprofesa. Kwao ndiyo ngazi ya kwanza. Unapimwa kwa miaka kama sita, ukifaulu kazi inakuwa ya kudumu, ukishindwa unafungasha virago. Mimi shahada yangu ya tatu niliifanya juu ya taa za udongo za Misri ilipokuwa chini ya Warumi, halafu nikarudi Dodoma, ambako kwa miaka saba nafundisha historia ya jumla. Humo Roma nzima, tangu wafalme wake hadi ilipoanguka, imepewa wiki mbili, na moja huliwa na mtihani wa majaribio. Kwa hiyo ndiyo, niliomba.

Barua, wasifu, maelezo ya utafiti, maelezo ya ufundishaji, sura moja ya tasnifu, wadhamini watatu: vyote nilivipeleka. Kijana wa steshenari alipoona picha ya sanamu ya Augustus, Kaisari wa kwanza wa Roma, kwenye kurasa zangu aliuliza huyu anachezea timu gani. Nikaitwa kwenye usaili wa video, na sharti moja likanitoa jasho: nifundishe somo la dakika ishirini kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza nikitumia kitu halisi mkononi.

Vyuo vyao vingi vina makabati ya vigae vya Kirumi, vimepangwa kwenye visanduku vyenye namba. Kabati langu lina chaki na wino wa printa uliokauka. Ningeweza kuonyesha picha ya kichwa cha Augustus kilichofukuliwa Meroe, Sudan, mwaka 1910, kile cha shaba nyeusi chenye macho ya kioo na mawe, ambacho Wakushi, watu wa ufalme wa kale wa huko, walikizika chini ya ngazi za hekalu ili kila anayeingia amkanyage Kaisari. Nakipenda sana kichwa kile. Ila kiko makumbusho ya British Museum, London, na picha yake kila mwombaji anayo.

Nikaenda soko la Majengo. Kwa wauza vyungu niliwaonyesha kwenye simu taa ya aina niliyoisomea: ya mviringo, tundu moja la mafuta katikati, tundu jingine la utambi mdomoni, na juu yake chura. Akina mama wakapokezana simu. Mmoja akasema, "Huyo chura utampata kwa bibi wa njia ya Mvumi, hapa utapata vya maharage tu." Nikapanda bodaboda, elfu saba kwenda na kurudi baada ya mabishano.

Bibi nilimwamkia kwa Kigogo changu cha kuombea maji, "Mbukwenyi," akaitika vizuri, halafu kwa huruma akanihamishia kwenye Kiswahili. Mimi ni Mnyaturu wa Singida, ulimi wangu ulinisaliti mara moja. Alikuwa amekaa mkekani na mjukuu wake, binti wa kidato cha pili, mikono yote minne imejaa udongo. Akaitazama picha.

"Si kibatari hiki?"

"Ni kibatari, bibi. Cha miaka elfu moja na mia nane iliyopita."

"Na bado mnakitafuta!"

Tukaelewana: kimoja shilingi 3,000, sita 18,000, nusu nitangulize, wiki mbili. Nikaongeza tamaa, nikaagiza na mtungi mdogo wa Kirumi wenye mikono miwili na kitako kilichochongoka, huo 25,000. Nitaurudia, maana ndio unaopunguza nyota.

Muda hawakuutimiza. Wiki mbili zilikuwa tatu na nusu. Ilikuwa mwishoni mwa Desemba, mvua zilishaanza, na udongo mbichi haukaushwi kwa maombi. Simu ya bibi hupokelewa na mjukuu, mjukuu huwa shambani, na shambani hakuna mtandao. Kama una tarehe isiyosogezeka, agiza kiangazi. Hili nalisema kwa uchungu, kwani nilienda mara tatu kwa bodaboda na kurudi na ahadi.

Awamu ya kwanza ilikuwa mbaya, na kosa lilikuwa langu. Nilimwambia bibi afinyange kwa mkono kama anavyofinyanga vyungu, kwa kuzungusha mikunjo ya udongo na kuilainisha kwa kigae. Chungu chake cha mboga ni kizuri ajabu, chembamba, ukikigonga kinaitika. Lakini kitu cha ukubwa wa kiganja, kilichofunikwa juu, hakina nafasi ya vidole vyake kuingia ndani. Kuta zikawa nene kama sahani ya ugali. Alipovichoma uwanjani kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe, viwili vilipasuka kwa mlio uliowatimua kuku, na cha tatu kikapata ufa mdomoni. Hakunitoza hata senti kwa vile vitatu. Hiyo ni alama kwake.

Nilipokuwa naokota vipande ndipo aibu ikanishika, maana jibu nilikuwa nalo kwenye tasnifu yangu mwenyewe. Kwa taa hizi Mrumi hakufinyanga moja moja. Fundi mmoja alichonga mfano, akautolea kalibu mbili, ya nusu ya juu na ya nusu ya chini, za udongo au za jasi. Tangu hapo hata kijana asiyejua kuchora aliweza kukandamiza udongo kwenye kila nusu, akaziunganisha, akatoboa matundu, akasogea kwenye nyingine. Ndiyo maana taa zilikuwa rahisi kiasi cha kutupwa, na ndiyo maana makumbusho zimejaa. Nimelifundisha hilo miaka saba bila kushika udongo.

Jasi tunayo, inachimbwa Itigi, mkoani kwetu. Dukani inaitwa jipsam, na mwenye hadiwea aliniuliza dari yangu ni ya futi ngapi. Nilichonga mfano kwa udongo wa bibi, usiku, kwa kijiko na sindano ya kushonea. Tukaupaka sabuni ya kipande usigande, tukamwagia jipsam nusu ya kwanza, ikakauka, kisha ya pili.

Bibi hakutaka kuigusa. Alisema udongo ukishaingia kwenye sanduku si ufinyanzi tena, ni ufyatuaji wa matofali. Sikubishana naye, kwa sababu wapo wasomi wa sanaa wenye mawazo hayohayo kuhusu taa za Kirumi, nao hulipwa mshahara. Mjukuu ndiye aliyezichukua. Jioni ile alitoa tisa. Jasi ni nzuri kwa kazi hii, inafyonza maji ya udongo, nusu inajiachia yenyewe baada ya muda mfupi.

Kuhusu chura. Taa za chura zilienea Misri ya Warumi kuanzia karne ya 2 hadi ya 4 hivi. Wamisri walikuwa na mungu wa kike wa uzazi mwenye kichwa cha chura, na vyura huko walijitokeza mto Nile ulipofurika na kuleta rutuba, kwa hiyo mnyama yule alimaanisha uhai unaorudi. Nilianza kumweleza bibi haya kwa sauti ya darasani, akanikatisha: "Akilia tunapanda. Nani asiyejua?" Nje, kwenye dimbwi la korongo wanakochimba udongo, walikuwa wanalia kweli. Ukurasa wangu wa 112 wenye hoja hiyo una tanbihi kumi na moja.

Sasa jambo ambalo kwangu lilizidi bei yote. Mfano niliouchonga ulikuwa na urefu wa sentimita 10. Udongo hunywea ukikauka na kunywea tena ukichomwa, kwa hiyo vibatari vilitoka na sentimita 9 na kitu. Sawa, nilitegemea. Baada ya siku chache kalibu ya juu ikameguka. Binti, bila kuuliza mtu, akachukua kibatari kilichokwisha kuchomwa, akakitolea kalibu mpya kwa jipsam iliyobaki. Vilivyotoka humo vilikuwa na sentimita 8 na nusu, na chura amefutika, amebaki kama embe lenye macho.

Nilivipanga vile vya kwanza na vya pili kwenye mkeka, nikanyamaza. Karakana za Kirumi zilifanya hivyohivyo. Ukitaka kuiga taa ya mwenzako huhitaji mchongaji, unainunua moja na kuitolea kalibu, na nakala yako itakuwa ndogo kidogo na yenye ukungu kidogo. Nakala ya nakala inazidi. Wachimbuaji huzipima kwa milimita na kujua kizazi kipi kilizaa kipi. Mfano maarufu ni taa zenye mhuri wa jina la mtengenezaji, FORTIS, kitakoni, zilizoanza karakana za kaskazini mwa Italia, upande wa Modena, halafu zikaigwa kwenye majimbo mengi pamoja na jina lake. Mimi nilikuwa na vizazi viwili vya ukoo mmoja mkononi, na ukoo wenyewe umeanzia njia ya Mvumi.

Nilipomsimulia binti habari za FORTIS aliuliza kama walioiga jina walimlipa mwenyewe. Nikasema hapana. Akachukua kijiti, akachora mistari mitatu na kitone chini ya vile vilivyokuwa bado vibichi. Ukinunua, geuza uangalie. Visivyo na alama hiyo ni vya awamu ya mwanzo.

Ubora wake kwa matumizi: nilitia vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya alizeti, yale ya kukamuliwa mashineni ambayo mama huniletea kutoka Singida, na utambi wa pamba niliosokota mwenyewe. Kiliwaka kwa muda wa saa nne na nusu. Mwali ni mdogo, wa manjano, hautoi moshi mwingi ukiufupisha utambi. Ukiurefusha, dari itakuambia. Warumi penye mizeituni walitumia mafuta ya zeituni. Harufu ya alizeti inakufanya usikie njaa ya chapati, hilo ndilo kasoro.

Kasoro ya kweli ni kuvuja. Udongo uliochomwa kwa moto wa uwanjani una vinyweleo, na kibatari changu cha kwanza kilitoa jasho la mafuta hadi kitambaa cha meza kikapata ramani. Warumi walikuwa na tanuri, na taa zao nyingi walizipaka urojo wa udongo laini kabla ya kuzichoma, ambao ulipunguza tatizo bila kulimaliza. Bibi ana dawa yake: uji mwepesi wa mtama, vibatari vikitoka motoni vinatumbukizwa humo vikiwa bado vya moto, wanga unaziba. Viwili vilivyopitia uji havijaacha doa mpaka leo. Mwambieni wazi "vya uji", msipomwambia hafanyi, anadhani mnavitaka vya kuangalia.

Mtungi sasa. Alipouona mchoro bibi alicheka hadi akajifuta machozi na kiwiko. "Chungu kisichokaa chini, mwanangu, ni cha nani?" Nikaeleza kwamba ulisafiri melini, ncha moja ikikaa kati ya mabega ya mitungi ya chini, na kwamba ncha ile ni mkono wa tatu wakati wa kumimina. Hakujibu. Alivua ngata aliyokuwa amebebea maji, akaiweka chini, akausimamisha mtungi juu yake, ukatulia. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu namna mitungi ile ilivyosimamishwa majumbani, na sikuwahi kuwaza ngata, wakati vyungu vya kwetu vyenye kitako cha duara nimevikuta vimekalia ngata tangu nazaliwa.

Lakini bidhaa yenyewe, samahani, hapana. Mkono mmoja uling'oka siku ya tatu, na tumbo linavuja kama ungo. Niliujaza mvinyo wa Dodoma, kwa sababu ukiwa unakaa mji wa zabibu na una mtungi wa Kirumi ungefanya nini kingine, na asubuhi nikakuta nusu iko sakafuni na sisimizi wamelewa. Kwa 25,000 ni ghali. Warumi nao wengi waliipaka ndani utomvu wa msonobari uliochemshwa kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo simlaumu bibi, ila fedha ni fedha. Nikamwambia juu ya kilima cha Monte Testaccio kule Roma, kiasi cha mita 35 kwenda juu, ambacho chote ni vigae vya mitungi, mingi ikiwa ya mafuta kutoka kusini mwa Hispania. Kwamba mafuta yaliingia kwenye udongo yakachacha, mtungi haukufaa tena, ukavunjwa na kumwagiwa chokaa kupunguza harufu. Bibi akatazama rundo la vigae nyuma ya jiko lake, akasema wale walikuwa na fedha nyingi.

Usaili ulikuwa saa kumi na mbili jioni kwetu, asubuhi kwao. Mnaoniuliza kama umeme ulikatika: haukukatika, ulikuwepo mwingi kuliko kawaida, na mwanga wa taa ya dari ukaufanya mwali usionekane kabisa kwenye kamera. Nikazima taa. Mtoto wa jirani akapiga kelele dirishani, "Teacher, luku imeisha?" Wasaili wote watano upande wa pili wakacheka. Nikawapangia vibatari kwa vizazi, nikawaambia wanafunzi wa kubuni wanipangie kipi ni baba na kipi ni mwana. Dakika ishirini ziliisha nikiwa bado na maneno.

Swali la kwanza lilikuwa lile nililolijua: Roma na Tanzania wapi na wapi. Nikawapa Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania, jina la kale la pwani yetu ya Afrika Mashariki, katika kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya 1, na shanga za kioo za Kirumi ambazo Profesa Felix Chami alizitangaza mwaka 1999 kutoka delta ya Rufiji. Nikaongeza kwamba mwongozo ule unasema wafanyabiashara walileta na mvinyo na ngano, si vya kuuza, ni vya kununulia urafiki. Hapo nilifurahia mwenyewe.

Swali la tatu likanimaliza. Walitaka kujua ningefundishaje muhula mzima wa sanamu za marumaru na michoro ya kuta za Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano. Mimi mtu wa vibatari nikajikanyaga, nikataja Augustus wa Prima Porta, sanamu yake maarufu ya marumaru, mara mbili kana kwamba ni sanamu mbili. Tangazo lilisema sanaa na vitu. Mimi nilikwenda na vitu.

Basi alama. Vibatari vya kalibu, vya uji, vyenye mistari mitatu: nne na nusu kati ya tano. Vya mkono: msivichukue. Mtungi: mbili, na moja kati ya hizo ni ya ngata. Muda: mbili. Ukarimu: sikuwahi kuondoka bila kula, na mlenda wa pale unavutika hadi mlangoni. Ufungaji: majani makavu ndani ya boksi la sabuni, kati ya sita kimoja kilifika kimevunjika, bodaboda akiapa hakupita kwenye tuta lolote.

Mimi nimeshaagiza kumi na viwili vingine kwa darasa langu la wiki mbili, safari hii kwa kalibu tatu za kurithishana, wanafunzi wapime wenyewe kwa rula. Binti ameongeza bei, sasa ni 4,000, anasema za mtaji wa jipsam. Walimu wa historia wa sekondari za hapa mjini mnaweza kuchangia safari moja, bodaboda ikagawanyika.

Namba ya simu siiweki, bibi hapendi. Fikeni soko la Majengo kwa wauza vyungu, ulizeni bibi wa chura. Mkiambiwa vyura vimeisha, chukueni chungu chake cha maharage. Ni 8,000, na hakivuji.